Goti Langu Lilisema Hakuna Mvua

Jumatatu, 16 Oktoba

Presha: 151 juu ya 90.

Nesi wa zahanati kanipa daftari hili. Kasema kila siku niandike presha yangu, halafu niandike kitu gani kimeipandisha. Mistari miwili tu, Mzee Tarver, kasema. Mistari miwili, mtu mwenye mambo mengi kama mimi. Jina langu lenyewe linakula nusu mstari: Lucious Tarver, mtunza nyasi za uwanja wa mpira wa Kimarekani wa Chuo cha Bethsaida, hapahapa Mississippi, mwaka wa thelathini na nane huu. Shule niliiacha na miaka kumi na moja nikaenda kuchuma pamba. Lakini niweke kwenye uwanja ule nimefungwa kitambaa usoni, nivue viatu, nitakwambia nimesimama yadi ya ngapi.

Kilichonipandisha leo ni Daktari Ashford, rais wa chuo. Kaja mwenyewe na viatu vya kisigino. Vikazama. Akaacha vizame, akaniambia kwa adabu zote kwamba Jumamosi ndiyo sikukuu ya waliosoma hapa kurudi nyumbani, na kamati ya wachezaji wa zamani itakuja kutazama mchezo. Mchezo ukiisha watapiga kura. Nyasi zibaki, au zing'olewe zote litandikwe zulia la plastiki.

Nikamuuliza, na mimi je, mama? Akasema zulia halihitaji mtu wa kulikata. Kasema kwa upole, kama daktari wa meno kabla hajashika koleo.

Najua limetoka wapi hilo. Mwaka jana Chuo cha Gaines walitufunga hamsini na mbili kwa sita. Wao wana plastiki kwao. Sasa wazee wetu wameona ugonjwa wetu ni nyasi. Lakini ugonjwa una jina, unaitwa Deshun Mobley. Wenzake wanamwita Radi. Anapewa mpira, anauweka kwapani, anachomoka kulia kwake, kandokando ya mstari, basi, utamwona akiwa ameshavuka mstari wa mwisho, pointi sita. Mara tano mwaka jana. Mara tano zote kulia.

Na Jumamosi wanaokuja ni haohao Gaines.

Tukishinda juu ya nyasi, nani atathubutu kuzing'oa? Hakuna. Tukipigwa tena, nitakaa barazani na Earlene mke wangu mpaka kufa. Nampenda. Lakini si kutwa nzima.


Jumanne, 17 Oktoba

Presha: 156 juu ya 92. Nimepima mara tatu nikaandika ndogo.

Asubuhi kwa Hosea kinyozi. Si kunyoa, nywele zenyewe zilishanihama. Kusikiliza. Kiti cha dirishani amekikalia Cleophus Battle, aliyekuwa dereva wa basi la chuo, mtu mwenye nyonga mbovu na mdomo mzima. Akanikaribisha kwa kuniambia eti mzee mwenzangu, kalitoe turubai lako ghalani ulikung'ute panya, maana nyonga yake inauma tangu Jumapili na Jumamosi inakuja mvua ya kuelea ng'ombe.

Nikamwambia nyonga yako inauma kwa sababu ya uvivu, bwana. Goti langu la kushoto ndilo linalojua mvua katika wilaya hii. Goti hili lilinikaza siku mbili kabla ya maji kuchukua daraja. Sasa hivi limelegea kama siagi. Kavu mpaka Jumapili.

Cleophus akasema goti langu lilikaza mwaka ule kwa sababu nilianguka kwenye ngazi ya kanisa, na yeye alikuwepo, na ndiye aliyeniokota.

Watu wakacheka. Hosea akazima mashine yake ili acheke vizuri. Basi tukawekeana. Mvua ikinyesha kabla ya Jumapili, mimi nisimame hapohapo kwa Hosea, mbele ya watu, niiombe radhi nyonga ya Cleophus. Kwa kuishika. Isiponyesha, yeye aliombe radhi goti langu. Hosea ni shahidi na akaandika kwenye kioo kwa sabuni.

Nimetoka pale kichwa juu. Nimefika kwenye kona moyo ukaanza kwenda mbio. Maana goti langu halidanganyi, na kama halidanganyi, basi Jumamosi ni kavu. Uwanja mkavu ni uwanja wa mbio. Uwanja wa mbio ni wa Mobley.

Kwa hiyo goti langu mwenyewe limenihukumu.

Nimekaa ghalani kwenye ndoo nikafikiri. Kama mbingu hazitoi maji, bomba linatoa. Sitalowesha uwanja wote, huo ni ujinga, hata vijana wetu watateleza. Nitalowesha ukanda mmoja tu, ule wa kulia kwa Mobley, yadi tano kwa upana. Wakishambulia kuelekea kanisani, kulia kwao ni upande wa benchi la wageni. Udongo wetu huu mweusi ukinywa maji unashika mguu kama mtoto asiyetaka mama aende kazini.

Wazo hili halijawahi kumjia mtu yeyote.


Jumatano, 18 Oktoba

Presha: 160 juu ya 94.

Nimefungua maji saa moja asubuhi, upande wa wageni, bomba chini, taratibu. Majani hayaonyeshi kitu. Ukikanyaga ndiyo unasikia *pwa*.

Saa nne nikamsikia mtu akisema *pwa* nyuma yangu. Kocha Pettaway. Kijana wa miaka thelathini na sita, ana kile kibao chake cha kioo anakipapasa kutwa kama anatafuta nywele kwenye sabuni. Akaniuliza mbona upande mmoja tu, Bwana Tarver. Nikamwambia upande huu jua la mchana linauchoma, una kiu. Akatazama juu. Mawingu matupu. Nikamwambia jua la wiki iliyopita, mwanangu, nyasi hazisahau upesi.

Akanionyesha kibao. Eti Jumamosi mvua, themanini kwa mia. Nikamuuliza hicho kibao kimezaliwa lini. Akasema kakinunua Machi. Nikamwambia goti langu lina miaka sabini na mitatu.

Hakucheka. Akasema Ijumaa jioni turubai litandikwe uwanja mzima, na hilo si ombi, bwana mkubwa. Halafu akaongeza jambo. Kasema yeye hataki uwanja mkavu wala uwanja wa maji, anataka uwanja ulio sawa kila mahali, ili kijana akikanyaga hapa ajue na hatua ya pili itakuwaje. Kasema usiombee tope. Kwenye utelezi anayeumia ni yule anayefukuza, kwa sababu anayekimbia anajua atakatia wapi, anayemfukuza hajui. Mwenye mpira ameshageuka, wewe bado unatafuta miguu yako.

Maneno ya kibao hayo. Nimemwitikia ndiyo, ndiyo, na nilipoona gari lake limetoka nikaongeza maji.


Alhamisi, 19 Oktoba

Presha: sijapima. Najihisi 170.

Leo nimemweleza Earlene. Nilikuwa nimekaa na siri siku mbili, imenijaa kama gesi. Alikuwa anakaanga kambare kujaribu unga wake mpya, maana Jumamosi anauza samaki nyuma ya majukwaa kama kila mwaka. Akaniwekea sahani. Nikatumia ileile sahani kumfundisha. Nikamwambia sahani ndiyo uwanja. Huku kichwani kwa samaki ni kanisa. Huku mkiani ni ubao wa matokeo. Mobley anatoka huku mkiani, anakimbilia kichwani, kulia kwake ni hapa penye limau. Hapa nimeweka maji. Hapiti.

Earlene akasema vizuri sana, baba. Na robo ya kwanza ikiisha?

Nikamwambia ikiisha inaanza ya pili.

Akasema si wanabadilishana pande?

Akashika sahani akaigeuza. Taratibu, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala. Limau likahamia upande wa pili. Akasema sasa Mobley anakimbilia kwenye ubao, kulia kwake ni huku penye kabichi. Huku pakavu. Na mbeba mpira wetu ndiye atakayekutana na limau.

Nilikitazama kile kipande cha samaki muda mrefu.

Niandike wazi hapa ili ijulikane: nilikuwa nalijua hilo tangu mwanzo. Miaka thelathini na nane naona timu zikibadilishana pande kila robo. Nilitaka tu kuona kama na yeye analijua. Nikamwambia hivyo. Akasema sawa, baba, kula kabla hakijapoa.

Sikula.


Ijumaa, 20 Oktoba

Presha: 168 juu ya 97. Nesi kapiga simu. Nimemwambia daftari limejaa afya.

Mambo mengi leo, niyaweke kwa zamu.

Dawa ya jambo la sahani ni rahisi. Lowesha na upande wetu. Kanda mbili za tope, huku na huku, katikati pakavu kama barabara ya lami. Mobley akienda kulia, akielekea popote, tope. Na sisi tuna Ezell Crump, ratili mia mbili na sabini, kijana mzuri, anajua kwenda mbele tu, kukata kona hajawahi hata akiwa na gari. Katikati ni pake. Unaona, kosa la sahani limeufanya mpango uwe mzuri zaidi. Earlene kanisaidia bila kujua.

Saa nane mji mzima ukaenda kwenye maandamano ya sikukuu. Nasikia ngoma za bendi kutoka barabara kuu na hakuna hata paka uwanjani. Nikafungua upande wetu mpaka mwisho wa koki. Kwa saa mbili nzima. Tarumbeta zikipiga huko, na mimi napiga huku.

Saa kumi na moja wakaja wanafunzi kumi na wawili waliotumwa na kocha kuvuta turubai. Na nyuma yao, kwenye uzio, kiti chake cha kukunja mkononi, Cleophus Battle. Akakikunjua, akakaa, akatoa karanga za kuchemsha.

Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema hatafuti kitu, kaja kutazama. Siku zote alipenda kumwona mtu akilitii goti lake.

Nikaielewa shida yangu yote pale. Nikilitandika turubai, nimekubali mbele ya Cleophus kwamba mvua inakuja. Kesho nzima kwa Hosea watakuwa wanasema hata Tarver mwenyewe haamini goti lake. Akaniambia vuta tu, mzee mwenzangu, aibu ya leo ni ndogo kuliko ya kesho. Akatupa ganda la karanga kwenye nyasi zangu.

Nikawaambia wale vijana nyasi leo zinapumua, zikifunikwa zitapata ukungu, nendeni mkale. Mmoja akasema lakini kocha kasema. Nikamwambia mimi na kocha tumeongea. Kweli tuliongea, Jumatano.

Wakaenda. Cleophus akalitazama goti langu, akalitikisia kichwa kama analiaga.

Nimerudi nyumbani. Goti kimya kabisa. Limelegea. Nimelipapasa, nikaligonga kidogo kwa kijiko. Kimya. Earlene kaniuliza nafanya nini. Nikasema naongea na fundi.


Jumamosi, 21 Oktoba

Presha: mashine imeandika herufi, si namba.

Mvua imeanza saa kumi na moja alfajiri. Mwanzo nilifikiri Earlene anakaanga.

Haikunyesha, ilimwagwa. Mpaka saa tano. Nilisimama golini upande wa kanisa na mwavuli, nikaona ile barabara yangu kavu ya katikati ikibadilika rangi, ikaanza kung'aa, halafu ikapotea. Kanda mbili zikawa ziwa moja. Bata wawili walitua yadi ya arobaini. Nikawafukuza. Wakahamia ya thelathini.

Kocha akafika. Akatazama turubai limekunjwa vizuri kwenye gurudumu lake, kavu kabisa, kitu pekee kikavu katika wilaya nzima. Akanitazama. Akaenda zake kwa vijana wake. Afadhali angetukana.

Saa nane mchezo ukaanza. Kamati ile ilikaa chini ya kibanda cha mbele, mwenyekiti wao Wardell Spights katikati, mzee mpana aliyecheza hapa zamani. Daktari Ashford kavaa mabuti.

Nieleze kwa haki. Hakuna aliyecheza mpira. Ilikuwa mieleka ya watu na ardhi. Mpira wenyewe ukawa sabuni, mwamuzi anaupangusa kwa taulo, taulo nalo linadondosha maji. Kijana wetu wa kurusha alirusha, mpira ukamtoka nyuma ukampiga kocha wake. Ezell Crump alikwenda mbele kama nilivyopanga. Hatua ya kwanza akazama kwenye vifundo. Ya pili akabaki. Wanne walimvuta, wawili wetu na wawili wao, ubinadamu tu. Kufikia robo ya pili namba za migongoni zimefutika, watu wanajuana kwa sauti. Vijana wa Gaines walizoea plastiki, njumu zao fupi, wakawa wanateleza wakiwa wamesimama. Na Mobley alipewa mpira mara sita, na mara sita alikanyaga tope langu akalala chali.

Halafu mpiga teke wao akawa nyuma kabisa, ndani ya eneo lake mwenyewe, anataka kuutoa mpira. Akainua mguu wa kulia. Wa kushoto nao ukainuka. Akaanguka na mpira kifuani, nyumbani kwake, na mtu akiangushwa nyumbani kwake ni pointi mbili kwa wenzake.

Mbili kwa sifuri. Sisi.

Nikapanda kwenye uzio. Nikapiga kelele kwamba hiyo ndiyo kazi ya nyasi, plastiki ingewapa nini. Wardell Spights akageuka kunitazama, akatabasamu. Kweli alitabasamu. Robo ya tatu ikapita mbili kwa sifuri. Robo ya nne ikaanza. Nilikuwa nimeshachagua maneno ya kuwaambia kamati. Moyo unakwenda kama bendi.

Zimebaki dakika tatu nikaenda kuchukua kipande cha samaki, mdomo ulikuwa mkavu. Kwa Earlene kasimama mwanamke wa shati la Gaines, ananunua viwili. Earlene akanitambulisha. Mama yake Deshun Mobley. Nikamwambia pole mama, leo mwanao kanyamaza. Akacheka. Akasema ndiyo kwanza anazoea njumu za kuazima, kocha wake kampa ndefu sasa hivi. Kasema mtoto wake kakulia Louisiana kwenye mashamba ya mpunga, baba yake alikuwa anamtuma kupeleka chakula katikati ya maji, na yule mtoto alikuwa hatembei, anakimbia, ili chakula kisipoe. Kasema kwenye ardhi kavu ndiko alikojifunza ukubwani.

Nikamrudishia Earlene samaki wake.

Nikasikia uwanja umenyamaza. Nikakimbia na goti langu. Mobley ametoka na mpira kulia kwake, upande wetu, palepale nilipofungua koki mpaka mwisho. Hakuwa anakimbia kama wengine. Miguu juu, magoti mpaka kifuani, anaitoa kila hatua kabla tope halijaishika. Vijana wetu watatu walijua anakata, wakageuka, wakalala kama kuni. Kama kocha alivyosema. Yadi sabini. Akavuka.

Ila pale yadi ya ishirini, katikati ya safari, alikuwa amepita ukingoni kabisa. Mwamuzi mmoja akapiga filimbi, katoka nje ya mstari. Mwingine akasema hakutoka. Wakainama wote kuutafuta mstari.

Hakuna mstari. Rangi yangu nyeupe iliondoka na mvua asubuhi. Kuna alama ya mguu kwenye tope, na haijulikani kama ni ndani au nje.

Mwamuzi mkuu akainua kichwa, akauliza nani anautunza uwanja huu.

Watu elfu nne walinielekezea kidole.

Nikaingia. Mwamuzi akaniambia, mzee wangu, kwa heshima, mstari ulikuwa wapi? Hapo ndipo nilipoijua bahati yangu. Nikisema hapa, kidogo tu ndani, alama ya mguu inakuwa nje, hakuna pointi, tumeshinda, nyasi zinabaki, mimi nabaki. Kidole kimoja tu. Nani ataniuliza? Kidole kikaanza kwenda.

Na kutoka jukwaani ikaja sauti ya Cleophus Battle. Anasema msimuulize huyo, jamani. Hajui. Kauzamisha uwanja wake mwenyewe, sasa hajui hata unaishia wapi.

Watu wakacheka. Elfu nne.

Sikumbuki kama niliamua. Najua nilipiga magoti, nikachovya mkono kwenye tope mpaka kiwiko, na sikupapasa hata mara moja, niliingia moja kwa moja. Maana chini ya mstari ule wote, kila yadi kumi, nimepigilia misumari ya inchi nane, kwa mkono wangu, ndiyo ninayofungia kamba nikipaka rangi. Nikaushika kichwa cha msumari. Nikauvuta, nikauinua juu, nikawaonyesha jukwaa zima. Nikasema mstari ni hapa, na asiyeamini alete futi.

Alama ya mguu wa Mobley ilikuwa ndani. Upana wa kiganja.

Mwamuzi akainua mikono miwili juu. Sita kwa mbili. Gaines.

Nimebaki nimepiga magoti, msumari mkononi. Nikamtazama Cleophus nimwone atasema nini sasa. Alikuwa amefunika uso.


Jumapili, 22 Oktoba

Presha: sijali.

Mchezo uliishia hapohapo, sita kwa mbili. Baada ya ibada Daktari Ashford kaja mpaka kwenye gari letu na Wardell Spights. Wardell kanipa mkono na kaushikilia. Kasema hajawahi kuona mtu anaijua ardhi namna ile, na akifa angependa mtu kama mimi amchimbie. Halafu kasema kura zimekuwa saba kwa sifuri. Uwanja unaohitaji mzee afukue ndipo ijulikane unaishia wapi, kasema, hauwezi kuendelea. Zulia lina mistari imefumwa ndani, haiondoki na maji. Linakuja Machi.

Earlene alishika mkono wangu. Mimi nikauliza kama wanajua zulia linanuka nini jua likilipiga. Hawakujua.

Wakati wa kuondoka, Daktari Ashford kanong'ona kwamba yeye aliona kidole changu kilivyoanza kwenda, na akaona kilivyorudi. Kasema nimemfundisha kitu. Nikamwitikia kwa unyenyekevu. Sikumwambia kidole kilirudi kwa ajili ya Cleophus.


Jumatatu, 23 Oktoba

Presha: 149 juu ya 88.

Kwa Hosea. Kumejaa, hata wasio na nywele. Nikasimama katikati, nikaweka mkono juu ya nyonga ya Cleophus, nikaiomba radhi. Nikaiita kwa jina la heshima, Bibi Nyonga. Nikamwambia lakini ieleweke, goti langu lilikuwa linahesabu saa kwa jua, si kwa saa ya ukutani, na alfajiri bila jua haihesabiki. Hosea akasema hiyo si radhi, rudia. Nikarudia.

Cleophus hakucheka kama nilivyotarajia. Akanipa kiti cha dirishani nikae. Kasema asingepiga ile kelele, mimi ningekuwa na nyasi zangu leo. Kasema amelala vibaya. Nikamwambia asijipe ukubwa, ningeutoa msumari hata angekaa kimya.

Wote wawili tunaujua uongo huo una ukubwa gani.


Alhamisi, 26 Oktoba

Presha: 144 juu ya 86. Nesi anafurahi.

Leo kaja muuza zulia. Suti, meno, kipande cha plastiki cha kijani kwenye begi. Kakitandika mbele ya ofisi, kamati imezunguka, kocha amezunguka. Wananiita na mimi, kwa adabu. Daktari Ashford kasema mpaka Machi mimi ni mshauri. Sijawahi kuwa mshauri. Nimevaa tai.

Yule bwana akachukua ndoo ya maji akaimwaga yote juu ya kipande chake. Maji yakatoweka. Huoni hata tone. Watu wakapiga makofi. Akasema hiyo ndiyo siri, mvua inyeshe siku saba, juu kukavu, kijana anakimbia kama yuko sebuleni kwake. Kocha Pettaway alikuwa karibu kulia kwa furaha.

Nikainua mkono. Nikauliza, kwa ushauri tu, hayo maji yanakwenda wapi.

Akafurahi kweli. Kasema mimi ndiye mtu wa kwanza kuuliza swali la maana. Akatoa mchoro, akanionyesha: chini kuna changarawe, chini ya changarawe mabomba madogo, na yote yanakusanyika kwenye bomba moja kubwa linalotokea nyuma ya jukwaa la wageni, karibu na mtaro.

Nikauliza, moja tu?

Akasema moja linatosha, mzee.

Nikauliza upana wake. Kasema inchi kumi na mbili. Nikamshukuru sana. Nikamwambia kazi nzuri, kijana, hili zulia limenivutia. Daktari Ashford akanipigapiga begani, akasema anafurahi nimelipokea vizuri.

Nimekaa ghalani nikafikiri. Kosa la mwaka huu nimelijua. Nilitegemea mbingu na nyasi, vitu viwili visivyo na msimamo. Plastiki ina msimamo. Maji yakiingia na pasiwe pa kutokea, yatapanda sawasawa kila mahali, hakuna limau wala kabichi, hata wakibadilishana pande. Uwanja ulio sawa kila mahali, si ndivyo kocha mwenyewe alivyotaka?

Mwakani tunacheza na Gaines kwao. Lakini mwaka unaofuata wanakuja. Mobley atakuwa ameshamaliza masomo.

Gunia moja la mchanga, likijazwa vizuri, ni inchi kumi na mbili na nusu. Nimelipima mara mbili.